Neno Noki na Pikapu ya Mzee Elinaja

Juzijuzi nilikuwa kibarazani kwangu hapa Same, nimeupa mgongo upepo wetu wa vumbi, kijana mmoja wa bodaboda akasimama mbele yangu huku akiipigapiga simu yake kwenye goti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, huna chaja hapo ndani? Simu imenoki."

"Simu haiwezi kunoki," nikamwambia. "Haina pistoni."

Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyeanza kuchanganya majina ya wajukuu zake. Nikampa chaja, akaondoka nayo, na mimi nikabaki nalo lile neno. Tangu hapo nalisikia kila mahali. Redio imenoki. Timu imenoki kipindi cha pili. Jirani yangu aliniambia ndoa ya dada yake imenoki, nikamuuliza ilianza kugonga lini. Hakunielewa, lakini lilikuwa swali la maana kuliko yote aliyoulizwa siku hiyo.

Nawaandikia nyinyi mnaofanya kazi gereji sasa hivi, hasa wale mnaochomeka kompyuta kwenye gari na kusubiri iwaambie linaumwa nini. Sina ugomvi na kompyuta. Ingekuwepo zamani ingeniokoa na aibu moja, na nyingine isingeniokoa. Lakini hilo neno mnalolitumia kama chumvi lina kwao, na mimi limenigharimu. Naomba mnisikilize.

Nililikuta shuleni. Mwalimu wetu wa Kiingereza alipenda maneno yanayoiga sauti. Siku moja aligonga meza kwa kidole akasema, "Knock! Mmesikia? Neno lenyewe linagonga." Tukagonga madawati darasa zima mpaka mwalimu wa jirani akaja kulalamika. Kwa Waingereza, alisema, ndiyo sauti ya mgeni mlangoni. Sisi tukashangaa. Kwetu mlango haugongwi, unapigiwa hodi, na anayegonga bila hodi huenda anadai au anafukuzwa. Nadhani ndiyo sababu neno hilo lilipofika kwetu halikupata mlango wa kugonga, likaingia gereji.

Huko gereji likabadilika tabia, na hapa ndipo nataka mtege sikio. Kwa Mwingereza, injini ikiwa na "knock" bado iko hai. Inalia. Kuna chuma kinachogonga chuma mahali ambapo pangekuwa na utelezi wa oili, na ukizima mapema unaweza kuiokoa. Sisi tulipolichukua tukalifanya neno la msiba. Tunaposema "imenoki" tunamaanisha imekwisha, kausheni machozi, tafuteni injini nyingine. Kati ya kulia na kufa kuna nafasi ndogo, na kazi yetu yote sisi mafundi iko kwenye hiyo nafasi.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Kajiru, mtu wa Usangi aliyeshuka mlimani akiwa kijana na kufungua gereji hapa kando ya barabara kuu. Alikuwa na bisibisi ndefu ambayo hakuitumia kufungua kitu chochote. Ilikuwa ya kusikilizia. Unaweka ncha yake kwenye injini inayounguruma, unaweka mpini kwenye mfupa wa sikio, na injini inakuambia kila kitu. Siku ya kwanza nilikuwa nageuza ncha iende sikioni. Alinishika mkono akasema, "Hapo utasikia mara moja tu."

Kwa bisibisi ile nilijifunza kwamba vali zikilegea hutoa mlio mwepesi, tik tik tik, kama mtu anashona kwa cherehani chumba cha pili. Hiyo haiui. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hufanya injini ilie ikipanda mlima, mlio wa juu, kama vizibo vya soda kwenye kopo. Hiyo punguza mwendo, ubadilishe mafuta. Lakini mkono unaounganisha pistoni na kranki ukianza kulegea, mlio wake ni wa chini, mzito, wa kina. Unausikia tumboni kabla ya sikioni. Hiyo zima. Usimalizie hata sentensi unayoisema.

Nilivijua vyote hivyo siku Mzee Elinaja alipoleta pikapu yake. Ndiyo maana siwezi kumlaumu mtu.

Mzee Elinaja alikuwa wa Suji, mtu mpole wa kofia, na ile pikapu ya bluu ndiyo iliyokuwa shamba lake la pili. Ilishusha maharage na ndizi za majirani mpaka Makanya na Same, ikapandisha saruji, sukari na watu. Utingo wake alikuwa mke wake, Mama Mbonea. Watu walishangaa, lakini mzee alisema mautingo wa kuajiriwa gari likishindwa mlima huruka kujiokoa wao kwanza, gari baadaye.

Kazi kubwa ya utingo barabara ile ilikuwa gogo. Wakati huo njia ya kutoka Makanya kupanda Suji ilikuwa mawe na kona, na breki ya mkono ilikuwa pambo. Gari likishindwa kilima, utingo anaruka na kuchomeka gogo nyuma ya tairi kabla halijaanza kurudi. Mama Mbonea alikuwa na gogo lake la mti mgumu, limechongwa upande mmoja, na hakuruhusu mtu aliguse. Zamani lilikaa nyuma pamoja na abiria. Abiria wakawa wanalikalia, na likihitajika wanabishana nani anyanyuke. Basi akaamua kulining'iniza kwa mnyororo chini ya pikapu, nyuma. Akitaka kulitumia, anafyatua tu.

Fundi Kajiru alikuwa ameenda msibani Usangi, gereji ameniachia mimi. Pikapu ikaingia.

"Fundi, inagonga tangu juzi," akasema Mzee Elinaja.

"Hebu kanyaga mafuta."

Akakanyaga. Pikapu ikatetemeka yote. Nok, nok, nok, nok.

Bisibisi ilikuwa inaning'inia ukutani, hatua chache kutoka nilipo. Sikuichukua. Nilikunja mikono kifuani kama daktari mkuu, nikasema, "Mzee, imenoki."

Akavua kofia. Mama Mbonea akashuka nyuma. "Imenoki ndiyo nini?"

Hapo sasa elimu yangu ikapata pa kusimama. "Ni neno la Kiingereza, mama. Linaiga sauti. Sikiliza vizuri: knock, knock, knock."

Akasikiliza. "Hata mimi nasikia. Nimeuliza ugonjwa, wewe unaniambia kilio chake."

"Ugonjwa ndio huo huo," nikasema.

Wakaniachia gari. Kabla ya kuondoka, Mama Mbonea aliinama, akafyatua gogo lake, akalitwika kichwani kwenda nalo stendi. "Nikiliacha hapa," alisema, "huyo mama wa chakula hapo jirani atalipikia makande." Nilimtazama akiondoka na gogo kichwani. Nikacheka. Nikaenda kufungua injini.

Niliifungua yote. Maharage ya Suji yakawa yanashuka kwa punda na kwa vichwa vya watu, na mimi niko chini ya turubai napanga vyuma vya Mzee Elinaja kwenye gunia. Beringi za mikono ya pistoni zilikuwa nzima. Narudia kwa faida yenu: nilizishika mkononi, nikaziona nzima, nikajiambia macho hayaoni kila kitu. Nikaweka mpya. Mtu akishasema neno kwa Kiingereza mbele za watu, ni vigumu kulirudisha.

Siku ya kukabidhi gari, Fundi Kajiru alikuwa amesharudi. Nikawasha. Kimya kitupu, injini inapumua tu kama ng'ombe aliyeshiba. Kajiru akaweka bisibisi yake hapa na pale, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umeifanya vizuri." Mzee Elinaja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mimi nikaagiza soda kwa watu wote waliokuwepo, hata wale waliokuwa wanapita tu.

Mama Mbonea akatokea stendi na gogo kichwani. Akaamkia, akainama nyuma ya pikapu, akalifunga kwenye mnyororo wake, akapangusa mikono. "Haya, baba Mbonea, washa twende."

Nok, nok, nok, nok.

Hakuna aliyekunywa soda. Mimi nikajirusha chini ya gari, kifua kwenye vumbi, nikatambaa kufuata mlio. Ajabu, ulikuwa unatoka nyuma, mbali kabisa na injini. Mzee Elinaja, kwa nia njema ya kunisaidia nisikie vizuri, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Pikapu ikatikisika, gogo likabembea kutoka kwenye chesisi, likaja likanipiga hapa, katikati ya paji la uso.

Nilitoka nimeshika kichwa. Mama Mbonea akainama kunitazama.

"Imenoki?" akauliza.

Fundi Kajiru alikaa juu ya tairi akacheka mpaka akaomba maji. Mama wa chakula akaja na mwiko mkononi kuuliza kuna nini, akasimuliwa, naye akakaa. Mzee Elinaja peke yake hakucheka. Alisubiri kelele zipungue, akaniuliza taratibu, "Sasa fundi, injini yangu ilifunguliwa kwa nini?"

"Kwa sababu sikuinama, mzee."

Ningeinama mara moja ningeliona gogo. Ningeizima injini na kuwaomba waisukume pikapu, gogo lingegonga vile vile, na ningejua injini haimo kwenye kesi. Hicho ndicho kipimo cha bure kuliko vyote: ukisikia gari linagonga, lizime, lisukume au liache liteleze lenyewe mteremkoni. Likiendelea kugonga injini ikiwa imezimwa, usiguse injini.

Kutoka Makanya mpaka Hedaru wakaniita Fundi Gogo. Madereva wa malori walikuwa wakipita mbele ya gereji wanatoa mkono dirishani na kugonga mlango wa gari, nok nok, halafu honi. Nilicheka nao. Mtu akikosea hivyo, kucheka ndiyo kodi yake. Lakini kuna kitu kiliingia ndani yangu ambacho sikukiona kwa muda mrefu: nililiogopa lile neno. Nilijifunza kusikiliza vizuri kuliko mafundi wengi wa barabara hii, ila nikisikia injini inagonga kwelikweli, mdomo unakuwa mzito. Nikawa nasema, "Inasema sema kidogo." Nikawa nasema, "Tuiangalie angalie." Wateja waliniona fundi mnyenyekevu. Kumbe nilikuwa mwoga.

Miaka ikaenda. Fundi Kajiru akarudi Usangi kwenye kahawa yake, gereji ikabaki kwangu. Pikapu ya Mzee Elinaja ikapauka mpaka bluu yake ikawa ya kukumbuka. Kisha Mbonea, mtoto wao wa kwanza, akawa anaoa, na siku moja kabla ya harusi wazazi wakashuka Same kuchukua keki.

Ilikuwa keki ya ghorofa. Mama Mbonea alikuwa amekaa mbele ameipakata, magauni yote yamekunjwa chini yake kama kiota, anamkemea kila anayefungua mlango. Nyuma kulikuwa na kreti za soda, viti vya kukodi, na lile gogo. Tangu siku ya paji langu la uso lilikuwa limerudishwa kukaa ndani.

"Fundi Gogo!" akaita Mzee Elinaja. "Tuongezee oili kidogo, tupande."

Nilikuwa nimeusikia mlio kabla pikapu haijafika karibu. Mlio wa chini, mzito, tumboni. Safari hii niliinama, nikatazama chini ya gari lote. Hakuna kitu kilichoning'inia. Nikachukua bisibisi. Nikachomoa waya za plagi moja moja injini ikiwa inaunguruma. Nilipochomoa ya silinda ya tatu, mlio ukafifia, nilipoirudisha ukarudi. Hicho ni kipimo kisichodanganya. Nikachomoa kijiti cha oili, nikaifikicha kwenye kidole, nikageukia jua. Kidole kilimetameta kama cha mtu aliyetoka kuparua samaki. Beringi ilikuwa inasagika na kuogelea kwenye oili.

Nilijua. Nilijua kuliko nilivyowahi kujua kitu chochote katika kazi hii.

"Mzee," nikasema, "hii injini... inasema sema kidogo."

Akacheka, akagonga paji lake la uso kwa kidole. "Umetazama chini?"

"Nimetazama."

"Gogo liko wapi, mama Mbonea?"

"Liko nyuma, na lisije likanirukia kwenye keki!"

"Nadhani msipande nayo leo," nikasema. "Ikiwezekana."

"Fundi, kesho ni harusi. Wacha iseme, tutaizungumzia wiki ijayo." Akaweka gia.

Ningeweza kusimama mbele ya bampa. Ningeweza kuchomoa ufunguo. Badala yake nikauliza, "Kama mama amepakata keki, nani atashika gogo?"

Mama Mbonea akatoa kichwa dirishani. "Panda wewe! Leo Fundi Gogo ndiye utingo wangu. Mwenyewe unajuana nalo."

Nikafunga gereji, nikapanda nyuma.

Barabara kuu mpaka Makanya ilikwenda vizuri, maana tambarare haidai nguvu. Nilikaa juu ya kreti, gogo nimelibana kwa miguu, nasikiliza kila mlio kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Tukaacha lami, tukaanza kupanda. Kila kona mlio ukawa mzito zaidi. Nikagonga paa la dereva kwa kiganja nikapiga kelele, "Mzee, simama!" Nadhani alidhani namkumbusha kupiga honi kwenye kona. Akapiga honi.

Kwenye kilima kikali kuliko vyote pikapu ilitoa mshindo mmoja, halafu kimya. Kwa muda mfupi tukawa tumesimama kabisa, hatupandi wala hatushuki, na nikasikia hata nzi waliokuwa kwenye kreti. Kisha tairi zikaanza kurudi nyuma.

Niliruka. Nikachomeka gogo nyuma ya tairi la kulia, likateleza kwenye changarawe. Nikalikimbilia, nikalidaka, nikalichomeka tena, safari hii upande uliochongwa chini, kama nilivyokuwa namwona Mama Mbonea akifanya. Tairi likalipanda kidogo, likalia, likakaa. Kreti moja ikaanguka, soda zikabingirika kuelekea Makanya. Pikapu ikasimama.

Mzee Elinaja akashuka. Akafungua boneti. Ubavuni mwa injini kulikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na kipande cha mkono wa pistoni kikichungulia nje. Oili ilikuwa inashuka barabarani ikifuata soda.

"Fundi," akasema, "hii ndiyo noki?"

"Ndiyo, mzee. Hii ndiyo."

"Mbona haigongi?"

"Ikishanoki haigongi tena."

Akafunga boneti polepole, kama unavyomfunika mtu. "Na kule gereji ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia inasema sema kidogo. Hata mama Mbonea anasema sema kidogo, na hajafa!"

"Nimesikia!" ikatoka sauti ndani ya gari.

"Niliogopa mtanicheka, mzee."

Akavua kofia. "Tungekucheka," akasema. "Tungekucheka sana. Halafu tungepanda gari lingine."

Keki iliingia Suji kwa miguu, Mama Mbonea mbele anaibeba mwenyewe, sisi nyuma na viti vichwani, na mtu yeyote aliyeomba kumpokea alitukanwa vizuri. Harusi ilifana. Lakini pikapu haikuwaka tena. Injini nyingine hawakuipata, na shamba la pili la Mzee Elinaja likaishia kivulini nyuma ya nyumba yake, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Kosa la kwanza nililifanya kwa kusema neno ambalo sikulihakiki. Watu walilicheka, likaisha. La pili nililifanya kwa kulimeza neno nililolihakiki, na hilo hakuna aliyelicheka.

Mama Mbonea alinipa lile gogo. Liko hapa mlangoni kwangu, linazuia mlango usipigwe na upepo.

Jana yule kijana wa bodaboda alirudisha chaja. Akashukuru, akawasha pikipiki yake, na nikasikia kitu. Nikamwambia asubiri. Nikashuka kibarazani taratibu, magoti yangu haya, nikainama nikatazama chini ya pikipiki yote, nikashika mnyororo, nikashika bomba la moshi. Hakuna kilicholegea. Nikasikiliza tena, karibu.

"Izime," nikasema, kwa sauti iliyowatoa majirani ndani. "Injini inagonga. Ukiipandisha mlima leo itanoki."

"Mzee!" akasema. "Juzi hukutaka hata simu inoki, leo unataka pikipiki yangu inoki?"

Majirani wakacheka, na yeye akacheka zaidi yao. Nikawaacha wacheke. Ufunguo wa pikipiki ulikuwa tayari mkononi mwangu.